Kutia injini ya CG 150 ndani ya fremu ya RD250 mpaka itoke kama Norton ya mbio, vile nilivofanya hapa Malindi

Kila nkisimama pale Barabara ya Lamu watu wananizunguka, hii pikipiki ni ya kampuni gani, manake tanki haina jina, fremu hawaijui, alafu nkipiga kiki sauti wanaijua kabisa, ni ile ile CG ya boda. Nimekuwa nikieleza nusu nusu nimesimama juani, kwa hivo leo nakaa naandika yote kutoka mwanzo, mwenye fremu nzee nyumbani na hamu moyoni atajua aanzie wapi.

Kwanza ujue tunaiga nini. Norton Manx ilikuwa pikipiki ya mbio ya Muingereza, silinda moja tu, 500cc, na kilichoipa jina sana sana ni fremu yake. Aliyeibuni ni Rex McCandless, mtu wa Belfast, mirija miwili inatoka shingoni inashuka inapita chini ya injini inarudi juu, injini imekaa katikati kama yai ndani ya viganja viwili. Mwaka 1950 Geoff Duke, mpanda mbio wa Norton, akaipanda akachukua Senior TT kule kisiwa cha Isle of Man, mashindano ya barabara za kawaida zinazofungwa, mzunguko mmoja ni maili 37.73. Harold Daniell, naye mpanda mbio wa Norton, alipoijaribu akasema ni kama kukaa kwenye kitanda cha manyoya, basi jina likaganda, Featherbed.

Sasa hii habari ya kutoa injini hapa kutia pale, wala haikuanza na sisi. Miaka ile kulikuwa na vigari vidogo vya mbio vya 500cc na wenyewe walitaka sana injini ya Manx, lakini Norton hawakuwa wakiuza injini peke yake, kwa hivo mtu ananunua pikipiki nzima anang'oa injini anaacha fremu imekaa bure. Vijana wa Uingereza wakaziokota zile fremu wakatia injini za Triumph za silinda mbili, wakaita Triton, Tri ya Triumph na ton ya Norton. Yaani fremu bora ya huyu na injini nzuri ya yule. Mtu akikwambia umechanganya vitu mwambie ndo jadi yake hiyo.

Fremu yangu ni Yamaha RD250 ya zamani. Ilikuwa ya Mtaliano mmoja aliyekuwa akikaa upande wa Casuarina, alipohama iliachwa nyuma ya nyumba chini ya mkorosho, injini imekamata, na ile ni ya tustroki ya silinda mbili, pistoni na ringi zake hapa Pwani utatafuta mpaka uchoke. Lakini fremu nilipoikwangua kutu ilikuwa nzima, na ni ya mirija miwili kama Featherbed. Hilo ndo la kuangalia unapotafuta fremu. Za boda nyingi zina mrija mmoja tu mbele, injini ikikaa haitaonekana kama Manx hata uifanyeje. Alafu RD ilijengwa kubeba injini yenye nguvu kuliko hii tunayotia, kwa hivo fremu haitalemewa.

Kabla ya kununua fremu yoyote funga uzi kutoka tairi la nyuma mpaka la mbele, pande zote mbili, uone kama magurudumu yamekaa mstari mmoja. Angalia shingoni penye beringi za usukani na chini ya mirija, ukiona rangi imepasuka kama ufa mwembamba achana nayo. Na gonga mirija kwa nati ndogo usikilize, penye kutu ya ndani sauti inakuwa butu. Hapa kwetu na huu upepo wa chumvi fremu inaweza kung'aa nje na ndani imeliwa.

Injini nilichukua CG ya Kichina, ile iliyopigwa 162FMJ kwenye bloku. Hizo herufi zina maana: 1 ni silinda moja, 62 ni upana wa pistoni kwa milimita, F ni ya kupozwa na upepo, M ni ya pikipiki, J ni 150cc. Ukiona 156FMI ni ndugu yake wa 125. Pistoni ya mm 62 na mwendo wa mm 49.5 inakupa 149cc na kidogo. Boxer 150 pia ni injini nzuri, tena imara, wenzangu wengi wangeniambia nitie hiyo, lakini CG niliipendea kwamba kemshafti yake iko chini na valvu zinasukumwa kwa fimbo, kwa hivo kichwa chake ni kifupi na ndani ya fremu unabaki na nafasi ya kufungua kava kurekebisha tapeti bila kushusha injini. Na spea zake hata Mambrui utapata.

Manx ya kweli ina mrija unaosimama upande wa kulia wa silinda, ndani mna shafti ya kuzungusha kemu za juu. Nimeona picha za watu wanaobandika mrija wa uongo hapo ili ifanane. Mimi sikuweka. Naiga umbo na ukaaji wa pikipiki, sitaki kitu kilichofungwa hapo bila kazi.

Sasa tuingie kazini, na hapa nakuomba usome polepole manake ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Mara ya kwanza nilimpa fundi mmoja fremu na injini nkamwambia tia. Akapima kwa jicho, akaiweka injini katikati sawasawa ya fremu, ikapendeza kweli kweli, akachoma. Cheni ilikuwa inakwenda upande karibu mm 9. Siku ya pili iliruka ikajikunja kwenye sproketi ya mbele ikapasua kesi ya injini, nkapoteza injini nzima na tundu za fremu nkazikata upya. Injini haitafutiwi katikati ya fremu. Injini inafuata cheni. Anza na cheni, mengine yote yatajipanga nyuma yake.

Fanya hivi. Gurudumu la nyuma likae mahali pake, limefungwa katikati, na sproketi ya nyuma utakayotumia iwe tayari imefungwa. Hapo pana jambo, RD ilikuwa na cheni nene, pichi yake, yaani umbali wa pini na pini, ni mm 15.875, na CG inatumia cheni ya 428 ambayo pichi yake ni mm 12.7. Haziingiliani hata kwa dawa. Kwa hivo unachukua sproketi ya nyuma ya 428, unaipeleka kwa fundi wa mashine ya kuchonga anapanua tundu la kati na kutoboa matundu mapya yalingane na habu ya RD. Mwambie akitoboa apime kutoka katikati, manake sproketi ikikaa upande hata milimita moja cheni itakuwa inakaza na kulegea kila mzunguko.

Alafu tafuta kitu kirefu kilichonyooka kabisa, mimi nilitumia alumini ya fremu ya dirisha. Kilaze bapa kwenye uso wa sproketi ya nyuma kije mpaka mbele. Injini iweke juu ya vipande vya mbao, ukiisogeza kushoto kulia mpaka uso wa sproketi ya mbele uguse ile alumini sawasawa bila mwanya. Hapo ndo mahali pake. Yangu ilikaa mm 9 kushoto ya katikati ya fremu, jicho linalalamika kidogo mwanzoni alafu linazoea. Milimita moja ya kukosea naikubali, zaidi ya hapo rudia.

Ukishapata upande, tafuta urefu wa kwenda juu. Sproketi ya mbele iwe karibu na bolti kubwa ya swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, karibu iwezekanavyo. Sababu ni kwamba mkono ukipanda na kushuka cheni inabadilika urefu, na inakaza zaidi pale katikati ya sproketi ya mbele, bolti ya mkono na eksili ya nyuma zinapokuwa mstari mmoja. Toa shoki zote mbili, uinue na kuushusha mkono kwa mikono yako mpaka mwisho wote, huku mwenzako anaangalia cheni. Pale inapokaza sana ndipo upimie ulegevu, usiwe mkavu, uchezecheze kidogo. Ukipima ikiwa kwenye stendi tu utakuja kushangaa beringi ya giaboksi inalia.

Kabla hujakata chuma, kagua nafasi. Kabureta iingie nyuma na ipumue, kiki izunguke mpaka chini isigonge pa kukanyagia, bolti ya kumwaga oili ifikike, kava ya tapeti itoke. Na mbele, bonyeza foku mpaka mwisho bila springi ndani uone tairi inafika wapi, iache angalau kidole kizima kutoka egzosi. Injini ipeleke mbele na chini kadri nafasi inavyoruhusu, uzito ukiwa mbele pikipiki inashika kona, ukiwa nyuma usukani unakuwa mwepesi na unatikisika.

Bamba za kushika injini anza na katoni. Kata katoni ya boksi la mafuta ya kupikia, toboa kwa penseli, jaribu, kata tena. Ikikubali hamishia kwenye plaiwudi, ijaribu na injini yenyewe, mbao ikikosea hujapoteza kitu. Ndo sasa unahamia chuma cha bapa cha mm 6. Na usikate yale masikio ya zamani ya fremu! Watu wana haraka ya grainda. Masikio ya RD yalichomelewa kiwandani, chuma na mahali pake ni sawa, kwa hivo bamba zako zifunge kwa bolti kwenye masikio hayo na upande wa pili zishike injini. Mimi nilihitaji kuchomelea sehemu mbili tu, sikio moja mbele na moja juu la kushika kichwa. Hilo la juu usiliruke, silinda moja inatetemeka sana na kichwa kikiachwa huru mtetemo wote unaenda kwenye bolti za chini.

Penye mwanya kati ya bamba na injini tia bushi ya mrija iliyochongwa kwa kipimo, isiwe rundo la washa. Ukikaza bolti kwenye mwanya mtupu unavuta mirija ya fremu iingie ndani, na injini ni alumini, sikio lake linakatika kama biskuti. Bolti zote zitie kwanza zikiwa legevu, zikiingia kwa vidole bila nyundo, ndo uanze kukaza kwa zamu. Ikibidi nyundo, bamba imekosea, rudi kwa tupa. Bolti nunua zile zenye 8.8 kichwani, na nati zenye nailoni ndani.

Kuchomelea nilimpelekea ami mmoja pale Maweni, mzee wa kazi, hachomi kitu hajakishika kwanza. Tukapiga vitone vidogo injini ikiwa ndani ili mahali pasipotee, alafu akaweka chini mashine.

"Sasa mwanangu, toa injini."

"Ami, si vipimo vitapotea?"

"Vitone vimeshika, havipotei. Umeme wa welda ukipita kwa beringi za injini unazila, utakuja kulia nazo mwezi wa pili. Toa."

Nkatoa, na nawaambia na nyinyi toeni. Betri nje, sidiai, kile kisanduku cha umeme wa plagi, nje, waya zote nje. Rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kipande achome kidogo huku kidogo kule ili joto lisipinde mrija, na kipoe chenyewe, asimwagie maji. Kama anatumia mashine ya gesi, jikingeni na ule upepo wa jioni kutoka baharini manake unapeperusha gesi na chuma kinabaki na matundu matundu kama mkate wa mofa. Fremu za Manx zenyewe zilitengenezwa kwa mirija ya Reynolds 531 na kuungwa kwa shaba ya kuyeyusha, ndo mana zilikuwa nyepesi na haziungui pembeni mwa kiungo. Yetu ni chuma cha kawaida, arki ya fimbo ya mm 2.5 na moto mdogo inatosha mkono ukiwa mzuri.

Egzosi nilitengeneza mrija mmoja unaopita chini kulia unaishia na tarumbeta, ile inayofunguka nyuma kama pembe, ndo sura ya Manx. Ndani nilitia salensa inayoweza kutolewa, manake napita karibu na msikiti na watoto wanalala. Egzosi ikibadilika kabureta lazima uiangalie, yangu ilikuwa imekosa mafuta, plagi ilitoka nyeupe kama chaki, nkapandisha jeti kubwa namba mbili juu mpaka ikawa kahawia. Nyeupe inachoma pistoni, nyeusi yenye masizi inakula petroli, kahawia ndo kituo.

Sproketi nilianza na meno 15 mbele na 40 nyuma. Ukitaka ikimbie zaidi mwishoni unapunguza nyuma, lakini usidanganyike, injini ya 150 ikiwa na gia ndefu sana upepo wa usoni unaishinda na gia ya mwisho inakuwa ya mapambo. Barabara ya kwenda Gede mimi naona 40 ndo sawa.

Sasa sura. Hapa Malindi tuna bahati moja ambayo wenzetu wa bara hawana, mafundi wa maboti. Faibaglasi ni kazi yao ya kila siku. Nilichukua tanki ya boda ya chuma, ndiyo inayobeba petroli, juu yake nkavisha kava ya faibaglasi yenye umbo refu la Manx lenye mabonde ya magoti. Kiti chenye kibiongo nyuma pia ni faibaglasi. Umbo nilifinyanga kwa udongo juu ya mbao nkafunika na nailoni. Usitumie ule povu mgumu mweupe, stairofomu, unaokuja na TV ukaumwagia rezini moja kwa moja, unayeyuka mbele ya macho yako. Dawa ya kugandisha ni kati ya 1% na 2% ya rezini, na kwa joto letu shika karibu na 1, tena fanya alfajiri, saa sita mchana rezini inaganda kwenye kopo hujaipaka. Vaa maski na glavu, yale manyoya yakiingia kwenye ngozi hulali.

Na ukitaka kuchomelea tanki yenyewe iliyowahi kutiwa petroli, ioshe kwa maji na sabuni mara nyingi alafu ijaze maji mpaka karibu na pale unapochoma. Tanki tupu ndo hatari, mvuke unaobaki unalipuka.

Hendo, mikono ya usukani, ni zile fupi mbili zinazobana kwenye foku chini ya daraja la juu, kile kipande kinachoshika foku zote mbili, na pa kukanyagia pakarudi nyuma, kwa hivo fimbo ya gia na ya breki nazo zinahitaji viungo vipya vya chuma. Pindua usukani mwisho huku na huku uhakikishe vidole havibanwi na tanki na waya ya klachi haivutiki. Breki ya mbele nimebaki na diski. Manx ilikuwa na dramu, najua, lakini barabara yetu ina punda, watoto na tuktuk, kwenye breki siigi mtu.

Rangi ni fedha na mstari mweusi. Kibao cha namba mbele nilipaka manjano na namba nyeusi, manake enzi zile mbio za dunia kila daraja lilikuwa na rangi yake: 500 manjano na namba nyeusi, 350 buluu na namba nyeupe, 250 kijani na nyeupe, 125 nyeusi na nyeupe. Injini yangu ni 150 lakini inayoigwa ni ya 500, nkaona manjano ndo haki yake. Jina la Norton sikuandika, sitaki mtu aje kuuziwa siku moja akidhani ni ya kweli.

Karatasi usizipuuze. Namba ya fremu usiiguse hata kwa msasa, hiyo ndo pikipiki yenyewe mbele ya sheria. Namba ya injini imebadilika kwa hivo lazima iingizwe upya kwa logbuku kupitia NTSA, ile mamlaka ya Kenya ya usafiri na usalama barabarani, na risiti ya mahali uliponunua injini uiweke, injini isiyo na risiti itakuletea maneno. Taa, honi, vioo na kibao cha nyuma vibaki, ukitaka kuvitoa vitoe siku ya maonyesho.

Ikishakamilika usiende nayo barabara kubwa. Mimi nilipeleka njia ya vumbi ya ndani kule Ganda, asubuhi, gia ya kwanza na ya pili tu, nkasimama kila dakika tano kushika bolti kwa mkono na kunusa. Baada ya kilomita 20 nilikaza zote upya, mbili zilikuwa zimelegea, zote za mbele. Kilomita 100 nkakaza tena, nkaweka alama ya rangi kwenye kila nati ili jicho lione ikizunguka, na mstari wa cheni nkaupima upya kwa ile alumini ya dirisha, ulikuwa palepale. Kilomita 300 nilimwaga oili ya kwanza. Tangu hapo kila nikitoka upande wa baharini naiosha kwa maji baridi, nafuta, napaka grisi nyembamba kwenye vichwa vya bolti, na ile alumini nimeitundika ukutani juu ya kisanduku cha spana.